Kwa Shujaa Huenda Kilio

Desemba mwaka uliopita tulimzika kaka yangu karibu na Awendo, kaunti ya Migori, katika boma lililopakana na mashamba ya miwa. Aliacha mjane na watoto watatu; kifungua mimba wao ni mvulana wa miaka 14. Siku ya maziko niliwaona wazee, jamaa na wageni wakimshika kijana huyo bega, mmoja baada ya mwingine, na kumwambia maneno yale yale: "Jikaze. Wewe ndiye mwanamume wa boma hili sasa." Nami nilimwambia vivyo hivyo. Kijana alijikaza. Hakudondosha hata chozi moja, na watu wakamsifu.

Wiki tatu baadaye, shule zikikaribia kufunguliwa, nilikwenda mjini Homa Bay ambako mamake ni mwalimu. Sikumkuta kijana nyumbani. Nilimpata katika kibanda cha mabati karibu na stendi, ambamo vijana hulipa shilingi chache wakacheza michezo ya video kwa zamu. Wengi walikuwa wakicheza kandanda. Yeye alikuwa pembeni, akimwendesha kwenye kioo mwanamume wa miraba minne, ngozi nyeupe kama jivu, shoka mkononi. Nilisimama nyuma yake kwa muda. "Baba mdogo," akaniambia bila kugeuka, "huyu akifa anaanza tena karibu na pale alipofia."

Sikuwa na jibu.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mhadhiri wa isimu anapoteza wino kwa ajili ya michezo ya vijana. Lakini hadithi ni hadithi, iwe imesimuliwa kando ya moto au imechorwa kwenye kioo, na nashuku kwamba wavulana wetu wengi hukutana na mashujaa katika vibanda hivyo mara nyingi kuliko katika vitabu tunavyowawekea darasani. Swali langu basi ni hili: mashujaa hao wanawafundisha nini kuhusu kuwa mwanamume, na sisi tuliwafundisha nini kabla yao?

Tuanze na michezo yenyewe. Mwaka 1986 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda, mmoja wa michezo iliyojenga msingi wa hadithi hizi za mazimwi, uchawi na falme zilizo hatarini. Shujaa wake, Link, ni kijana anayepewa upanga na jukumu la kumwokoa binti mfalme. Ni mwema, ni mwaminifu, na anaamini kwamba ulimwengu ulioharibika unaweza kutengenezwa. Ila hasemi. Wengine humsemesha, naye hutenda tu. Waundaji walitaka mchezaji ajione ndani yake, na nia hiyo naielewa. Hata hivyo, kwa jicho la mwanaisimu, kielelezo kilichobaki ni cha mwanamume mwema aliyepewa upanga akanyimwa ulimi.

Yule mwenye ngozi ya jivu aitwa Kratos, nguli wa mchezo wa God of War ulioanza kuuzwa mwaka 2005. Katika hadithi yake, mungu wa vita alimhadaa hata akamuua mkewe na bintiye, na majivu yao yakaganda kwenye ngozi yake. Toka hapo hasira ikawa ndiyo lugha yake. Toleo la mwaka 2018, ambalo ndilo mwana wa kaka yangu alikuwa akicheza, linamwonyesha akisafiri na mwanawe, Atreus, kwenda kumwaga majivu ya mama wa mtoto huyo juu ya kilele kirefu kuliko vyote. Mapema katika safari mtoto anampiga mnyama kwa mshale, kisha anashikwa na simanzi anapolazimika kummalizia. Baba ananyosha mkono ili amguse mgongoni. Mkono unasita hewani, kisha anaurudisha. Mtu aliyeangusha miungu hawezi kugusa mgongo wa mwanawe.

Nilipoliona tukio hilo nilikumbuka mikono yetu kule Awendo. Mikono yetu ilifika begani. Maneno yetu ndiyo yaliyorudi nyuma.

Hebu tulichunguze neno tulilompa kijana. Kinachokazwa ni kamba, parafujo au ngozi ya ngoma. Kiambishi "ji" kikiingia, mtenda huwa ndiye mtendwa: mtu anajifunga mwenyewe, kwa mkono wake, bila msaidizi. Anayejikaza hana haja ya mwenzake, wala hakuna nafasi ya mwenzake katika kitenzi hicho. Dholuo nacho kina neno "thuon", ambalo ni jina la mtu jasiri na pia la dume, kama tunavyosema "thuon gweno" kwa maana ya jogoo. Katika Kiswahili vilevile mwanamume hodari huitwa dume, fahali au simba. Lugha zetu zimemkopa shujaa kutoka zizini na porini, na fahali hatarajiwi kusema anapougua.

Kaka yangu aliugua shinikizo la damu kwa takriban miaka miwili. Yeye alijua, mkewe hakujua, wala mimi sikujua. Tulizikuta karatasi za kliniki ndani ya Biblia yake baada ya maziko. Yeye pia alikuwa amejikaza.

Wapo watakaosema kwamba hivyo ndivyo wahenga walivyomtaka mwanamume awe. Nadhani tunawasingizia. Kila mwalimu wa fasihi simulizi amewafundisha wanafunzi sifa za jagina wa mighani: ana nguvu zisizo za kawaida, anapigania jamii yake, ana siri ya udhaifu wake, anasalitiwa na mtu wa karibu, anakufa kifo cha kusikitisha. Wanafunzi huzikariri sifa hizo kama orodha ya bidhaa za dukani. Tukizisoma hadithi zenyewe kwa utulivu, tutaona jambo jingine.

Lwanda Magere wa Kano alikuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Wanandi ilimgonga ikaanguka. Adui walimpa binti yao awe mkewe. Siku moja shujaa aliugua, akamwambia mke huyo amchanje chale, si mwilini bali kwenye kivuli chake. Damu ikatoka kivulini, na siri ikatoka nayo. Binti alirudi kwao akawaarifu, na katika vita vilivyofuata mkuki ulichomwa kwenye kivuli, shujaa akaanguka, akawa jiwe ambalo watu huonyeshwa Kano hadi leo. Wavulana wengi hutoka na funzo moja: usimwambie mwanamke siri yako. Lakini tazameni tena. Mtu wa jiwe aliugua! Alihitaji kutibiwa, na hakuweza kujitibu. Udhaifu wake haukuletwa na mke. Ulikuwa naye tangu kuzaliwa, ukimfuata kila jua lilipochomoza. Kosa lake ni kwamba aliishi miaka yote bila kuwazoesha watu wake mwenyewe kukilinda kivuli hicho.

Pwani nako kuna Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Alipofungwa gerezani, hakuokolewa na misuli yake. Mamake alimwokea mkate wenye tupa ndani, na mjakazi Saada akampelekea. Baadaye alipochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa, alikwenda kupiga goti karibu na kisima, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo. Watu waliogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Aliyetumwa kwenda kumbembeleza ni mama yule yule, naye akambembeleza mwanawe asijue kwamba tayari ni maiti.

Homa Bay yenyewe ina shujaa wa namna nyingine kabisa. Gor Mahia wa Kanyamwa, huko Ndhiwa, ambaye jina lake lilichukuliwa na klabu ya kandanda iliyoanzishwa mwaka 1968, hasifiwi kwa mwili usiopenyeka. Husifiwa kwa kujigeuza. Husimuliwa kwamba adui walipomfuata mtu, walikuta umbo jingine. Ikiwa Lwanda Magere ni mwanamume asiyebadilika hata akavunjika, Gor Mahia ni yule aliyenusurika kwa sababu alijua kubadilika. Ajabu ni kwamba tunaposema "kuwa mwanamume", tunamchagua wa kwanza na kumsahau wa pili.

Na ni nani waliozisimulia hadithi za Waluo zamani? Wanaume walikuwa na "duol", kibanda cha mwenye boma, ambako mambo ya vita na ng'ombe yalizungumzwa. Lakini watoto walipata sehemu kubwa ya ngano zao katika "siwindhe", nyumba ya bibi kizee, na msimulizi huyo aliitwa "pim". Kwa hiyo habari za mtu wa jiwe ziliwafikia watoto wengi kwa kinywa cha mwanamke mzee ambaye huenda alikuwa amewazika waume na wana. Mtu kama huyo hawezi kusahau kukitaja kivuli.

Wala wanaume wenyewe hawakuwa wakavu wa macho. Alipofariki mwanamume, desturi ya "tero buru" iliwatoa wanaume na ng'ombe, mikuki na ngao, wakaenda mbio hadi nyikani kuifukuza mauti. Huo nao, tukitaka kusema hivyo, ulikuwa mchezo wa kubuni: hakuna aliyeamini kwamba mkuki utaichoma mauti. Lakini walikimbia pamoja, wakaimba na kulia pamoja, wakarudi pamoja. Waswahili nao wana methali isemayo kwamba kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa kawaida tunaifafanua kama onyo dhidi ya ujasiri wa kupindukia. Naona pia kwamba methali hiyo inakubali jambo tunalolikataa siku hizi: kilio kina haki ya kuingia nyumbani kwa shujaa.

Nilikuwa katika mawazo hayo mwanafunzi wangu mmoja aliponionyesha mchezo mwingine kwenye kipakatalishi chake. Unaitwa Tales of Kenzera: Zau, na ulitolewa Aprili 2024 na kampuni ya Surgent Studios iliyoanzishwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Salim alifiwa na babake mwaka 2013, na mchezo huo ulitokana na msiba huo. Nguli wake, Zau, ni mganga kijana aliyefiwa na baba. Anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, na kufanya naye mapatano: atamletea roho tatu kuu zilizokaidi, naye arudishiwe babake. Wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili, jambo ambalo sikutarajia kuliona katika uhai wangu.

Zau hupigana kama mashujaa wengine. Ana ndoto kubwa kama yao, tena kubwa kupita zao, kwani anataka kumtoa mtu kaburini. Tofauti ni kwamba kila baada ya mwendo hukaa chini ya mbuyu akazungumza na Kalunga kuhusu hofu yake, hasira yake na baba aliyemkosa. Na mchezo unamlipa kwa mazungumzo hayo: uhai wake huongezeka. Katika michezo mingi uhai huongezwa na dawa au silaha mpya. Hapa huongezwa na maneno.

Haya si mambo ya anasa kwa kaunti zetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Homa Bay karibu mtu 1 kati ya 5 wenye umri wa miaka 15 hadi 64 alikuwa akiishi na virusi vya Ukimwi, na Migori haikuwa mbali nyuma. Kwa miongo mingi tumelea wavulana waliozika baba zao mapema, na kwa wengi wao tumekuwa na neno moja tu. Kisha tunashangaa wanapokua wanaume wasiokwenda kupimwa, wanaoficha karatasi za kliniki ndani ya Biblia.

Sisemi tuvifunge vibanda vya michezo. Wala sisemi ndoto ya kuutengeneza ulimwengu ni ya kitoto; bila ndoto hiyo hakuna ambaye angekuwa mwalimu. Ninalowaomba walimu wenzangu ni dogo. Tunapofundisha mighani, tusiishie kuuliza, "Taja sifa tano za jagina." Tuulize pia: Nani alimtibu? Nani alimlilia? Angemwambia nani, na lini, ili asife? Nanyi wanafunzi mnaocheza michezo hii, mwulizeni shujaa wenu maswali hayo hayo. Asipokuwa na jibu, mjue hadithi yake haijakamilika.

Aprili mwaka huu nilimchukua mwana wa kaka yangu hadi Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe ya Migori iliyoingizwa katika orodha ya turathi za dunia mwaka 2018. Kuta zake zimesimama kwa karne kadhaa bila saruji wala udongo wa kuziunganisha. Mawe yanashikana, basi. Kijana alizizunguka kimya kwa muda mrefu. Tulipoketi kivulini akaniuliza, "Baba mdogo, Baba alijua kuwa anaumwa?"

"Alijua."

"Mbona hakusema?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sisi ndugu zake tulimfundisha kutosema, na kwamba yeye tulimfundisha vivyo hivyo siku ya maziko. Hapo kijana akalia. Nilimshika bega tena, na safari hii sikumwambia ajikaze.