Namba Isiyopigwa: Kinachonunuliwa Katika Biashara ya Matangazo ya Simu

Tarehe 15 Aprili 2021 kampuni ya Marekani iitwayo AppLovin, ambayo jina lake halikuwa maarufu ila kwa waundaji wa michezo ya simu na wenye mitaji, ilianza kuuza hisa zake katika soko la Nasdaq kwa bei ya dola 80 kwa hisa moja. Siku 11 baadaye, tarehe 26 ya mwezi huohuo, Apple ilitoa toleo jipya la mfumo wa iPhone, namba 14.5, lenye kidirisha kidogo kinachomwuliza mwenye simu swali moja kabla ya programu yoyote kupata idhini ya kumfuata katika programu na tovuti za watu wengine: aridhie kufuatwa, ama aiombe programu isimfuate. Mwenye kuyatazama matukio haya mawili moja moja huona habari za kawaida za biashara. Lakini mwenye kuyatazama pamoja hupata ufunguo wa kufahamu mikataba iliyo mingi iliyofungwa katika biashara ya matangazo ya simu tangu simu za kioo cha kugusa zilipoenea mikononi mwa watu. Kinachouzwa na kununuliwa katika mikataba hiyo, pamoja na mabilioni yake, aghalabu si tangazo wala nafasi ya tangazo. Ni uwezo wa kujua kwamba simu hii ni ileile ya jana.

Yafaa kwanza tuutazame mnada wenyewe kwa karibu. Kijana aliyeketi dirishani katika daladala anacheza mchezo wa bure wa kupanga vito vya rangi, na kabla hajamaliza ngazi aliyomo, programu imekwisha kutuma ombi la tangazo litakaloonyeshwa mwisho wa ngazi hiyo. Ndani ya ombi mna aina ya simu, toleo la mfumo wake, lugha iliyochaguliwa, mtandao unaotumika, mahali simu ilipo kwa kadiri panapojulikana, jina la mchezo, na pamoja na hayo yote mfuatano wa tarakimu na herufi 32 uliotenganishwa kwa vistari vinne. Mfuatano huo ndio namba ya matangazo. Haipigwi, haiandikwi katika kitabu chochote cha simu, na kwa kawaida mwenye simu hajapata kuiona maishani mwake. Walakini kwa madalali wa matangazo namba hiyo ina thamani kuliko jina lake kamili, maana watu wengi huitwa Juma, ilhali namba hii ni ya simu moja tu. Ombi hupelekwa kwa wanunuzi wengi kwa mara moja, nao hupewa muhula ambao mara nyingi haufiki theluthi moja ya sekunde kutaja bei, kisha mshindi hujulikana na tangazo lake hupakuliwa.

Bei hiyo haitokani na hamu wala ubishi wa wanunuzi, bali na hesabu ya matarajio. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba mwenye duka la michezo yuko tayari kulipa dola 2 kwa kila mtu atakayepakua mchezo wake, na mashine yakadiria kwamba katika watazamaji 1,000 wa namna hii watapakua 5. Basi kuonyesha tangazo mara moja kwa mtazamaji huyu kwastahili senti moja. Lakini kama namba ile yafahamisha kwamba simu hii ilipakua michezo mitatu ya jinsi hii mwezi uliopita, na katika mmoja wao ilinunua vito kwa fedha halisi, makadirio hupanda, pengine yakafika watu 20 katika 1,000, na kumwonyesha tangazo mara moja hustahili senti 4. Mtu ni yuleyule, kiti ni kilekile, tangazo ni lilelile. Tofauti ya senti 3 ni malipo ya kumbukumbu. Izidishwe tofauti hiyo kwa mabilioni ya minada ifanywayo kila siku, na hapo itafahamika kwa nini kampuni zenye busara hutoa rasilmali zisizohesabika ili kuinunua kumbukumbu hiyo, au kuizuia isiangukie mikononi mwa hasimu.

Elimu ya minada ina adabu zake za zamani. Mwanauchumi William Vickrey alionyesha mwaka 1961 kwamba iwapo kila mnunuzi ataandika bei yake kwa siri, na mshindi akalipa bei ya aliyemfuata badala ya bei yake mwenyewe, hakuna mnunuzi atakayepata faida kwa kuficha thamani anayoiona moyoni mwake. Kwa mchango wake alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Madalali wa matangazo waliifuata kanuni hiyo kwa miaka mingi, kisha wakaiacha, na kufikia mwaka 2019 hata Google ilikuwa ikiuhamisha mnada wake mkuu kwenye kanuni nyepesi ya kila mshindi kulipa bei aliyoitaja. Sababu mojawapo ni kwamba mnada wa Vickrey wataka mnadi mwaminifu. Katika mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam, kila mtu huwaona samaki mezani na husikia kwa masikio yake bei inavyopandishwa. Bali katika mnada wa simu mnunuzi hasikii bei ya mwenziwe, na hana njia ya kuhakikisha kwamba bei ya pili aliyotajiwa ilikuwapo kweli. Na shaka hiyo huzidi iwapo mnadi naye ni mnunuzi.

Sasa turejee nyuma. Mwaka 2006 Omar Hamoui, akiwa mwanafunzi wa biashara katika chuo cha Wharton, alianzisha AdMob, kampuni ya kuweka matangazo katika kurasa za simu, wakati ambapo kurasa zenyewe zilikuwa finyu na za polepole. Mwezi wa Novemba 2009 Google ilitangaza kuinunua kwa dola milioni 750 za hisa. Apple nayo ilikuwa imeitaka, na Steve Jobs alilisema hilo hadharani Aprili 2010, kwamba Google iliwawahi. Kwa kuikosa, Apple ilinunua Quattro Wireless mwezi wa Januari 2010, na kutokana nayo ikaunda huduma yake ya iAd. Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, iliyokuwa ikiuchunguza ununuzi wa AdMob kwa hofu ya soko kuhodhiwa, iliuruhusu Mei 2010, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba Apple imekwisha kuingia uwanjani na ushindani utakuwapo. iAd ilifungwa tarehe 30 Juni 2016. Ushindani uliotumainiwa na Tume haukupata kukomaa, na miongoni mwa sababu ni kwamba Apple haikuwa radhi kuwapa watangazaji habari za wateja kwa wingi walioutaka. Nadhani hapa ndipo ilipodhihiri mapema kwamba soko hili halimthamini mwenye tangazo zuri kuliko mwenye habari nyingi.

Waliokuwa na matangazo bila kumbukumbu iliyo milki yao walipata taabu. Millennial Media ya Baltimore iliuza hisa zake mara ya kwanza mwezi wa Machi 2012 kwa dola 13, na jua la siku hiyo halijatua hisa ikafika dola 25; mwaka 2015 AOL iliinunua kampuni nzima kwa dola 1.75 kwa hisa. Wengine waliitafuta kumbukumbu kwa njia zisizo halali. InMobi, iliyoanza nchini India mwaka 2007 ikiwa huduma ya kutafuta habari kwa ujumbe mfupi, na mwaka 2011 ikapata dola milioni 200 kutoka SoftBank ya Japani, ilikubali mwaka 2016 kulipa faini ya dola 950,000 baada ya Tume ileile kuituhumu kwamba iliwafuatilia mamia ya mamilioni ya watu, watoto wakiwamo, hata walipokwisha kukataa kutoa habari za mahali walipo. Ilifanya hivyo kwa kusoma majina ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu na simu, na kutokana nayo kukisia mtaa. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa lafunza namna mashine inavyofikiri: ukifungiwa mlango mmoja wa habari, hesabu huelekea dirishani.

Tukifika mwaka 2021, mlango uliofungwa ulikuwa mlango mkuu. Namba ya matangazo ya iPhone, iliyobuniwa mwaka 2012 kushika mahali pa namba ya kudumu ya chombo ambayo haikuweza kufutwa, sasa haikutolewa ila kwa idhini, na wengi walipoulizwa walikataa. Meta, yenye Facebook na Instagram, ilitangaza Februari 2022 kwamba badiliko hilo lingeipunguzia mapato ya mwaka huo kwa kiasi cha dola bilioni 10, na siku ya pili thamani ya hisa zake ikaporomoka kwa zaidi ya robo. Kanuni ya Apple, hata hivyo, ilizuia kumfuata mtu kutoka milki ya mmoja kwenda milki ya mwingine; haikumzuia mwenye milki kukumbuka yaliyotokea ndani ya nyumba yake. Dawa iliyobaki ikawa ni kuipanua nyumba, na nyumba za biashara hupanuliwa kwa kununua.

Hivyo ndivyo zilivyozaliwa zile shughuli za fedha nyingi za miaka ya 2021 na 2022. AppLovin, ambayo tayari ilikuwa na michezo yake na mtambo wake wa mnada uitwao MAX, ilikamilisha mwezi wa Aprili 2021 ununuzi wa Adjust ya Berlin kwa kiasi cha dola bilioni moja. Oktoba 2021 ilikubali kuinunua MoPub, mtambo mwingine wa mnada, kutoka Twitter kwa dola bilioni 1.05; Twitter yenyewe iliipata mwaka 2013 kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 350. Machi 2022 MoPub ilizimwa, maana kilichotakiwa hakikuwa mtambo bali wateja wake wahamie MAX. Julai 2022 Unity, iliyoanzia Copenhagen na ambayo vifaa vyake ndivyo vitumiwavyo na waundaji wengi wa michezo ya simu, ilitangaza kuungana na ironSource ya Tel Aviv kwa dola bilioni 4.4; na kabla ya wino kukauka AppLovin ilitoa posa ya dola bilioni 17.5 kuitaka Unity yenyewe, kwa sharti iachane na ironSource. Unity iliikataa posa hiyo, na muungano wake ukatimia Novemba.

Katika shughuli hizo zote mimi naona ununuzi wa Adjust ndio wenye maana kuu, ijapokuwa hautajwi sana. Kazi ya Adjust si kuonyesha matangazo, ni kupima. Mtu apakuapo mchezo, kampuni 3 au 4 zilizomwonyesha tangazo lake huweza kudai kila moja kwamba yeye ndiye aliyemleta, na mpimaji ndiye aamuaye ni nani alipwe, kwa kawaida yule ambaye tangazo lake lilikuwa la mwisho kuguswa. Mpimaji, kwa hiyo, ni shahidi, na daftari lake ni daftari la soko zima. Dalali aliyemnunua shahidi aliahidi kwamba shahidi ataendelea kufanya kazi kwa uhuru, nami sina sababu ya kumtuhumu kwa hiana. Lakini soko ambalo mnadi, mnunuzi na shahidi hukaa chini ya paa moja ni soko linalohitaji jicho la serikali, na mwezi wa Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Virginia iliamua kuwa Google ilihodhi kinyume cha sheria masoko mawili ya matangazo ya tovuti, na kwamba ilikifungamanisha kinyume cha sheria chombo chake cha wenye tovuti na mnada wake.

Hisa ya AppLovin ilishuka hadi chini ya dola 11 mwishoni mwa 2022. Mwaka uliofuata ilizindua mtambo mpya wa makadirio, Axon 2, na kufikia mwisho wa 2024 hisa hiyohiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola 300. Mwaka 2025 iliiuza michezo yake yote kwa Tripledot ya London. Michezo ilikuwa chuo cha mashine. Mashine ilipohitimu, chuo kikauzwa.

Afrika Mashariki kumbukumbu iko kwa watu wengine. Cellulant, iliyoasisiwa mwaka 2004 na Mkenya Ken Njoroge na Mnijeria Bolaji Akinboro, ilianza kwa milio ya simu na muziki, biashara iliyotegemea ujumbe mfupi, kisha ikagundua kwamba kupitisha malipo kuna faida kuliko kupitisha nyimbo, na mwaka 2018 ikapata dola milioni 47.5 kutoka kwa wawekezaji wakiongozwa na The Rise Fund. Mkondo huo ndio wa eneo letu: tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kampuni ya simu hujua namba ile inayopigwa, yenye jina na kitambulisho, pamoja na siku mshahara unapoingia na duka unakotumika. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi hudai idhini ya wazi kabla taarifa hizo hazijatumiwa kibiashara, na ile ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humpa mtu haki ya kuzuia taarifa zake zisitumiwe kwa kutangaziwa biashara moja kwa moja. Ni sheria njema, lakini ni wangapi wamepata kuitumia haki hiyo dhidi ya jumbe za ofa zinazowaingilia usiku?

Kuhusu namba isiyopigwa, sheria ya Apple haiwahusu wengi wetu, kwani simu zilizoenea kwetu ni za Android, ambazo namba hutolewa pasipo mtu kuulizwa. Hata hivyo yaweza kufutwa. Katika mipangilio ya simu iliyo na huduma za Google, chini ya sehemu ya Google na kisha Matangazo, katika simu nyingi za miaka ya karibuni mna amri ya kukifuta kitambulisho cha matangazo. Akiisha kuigusa mwenye simu, programu iombayo namba hiyo hupewa sifuri tupu. Matangazo hayakomi kwa hilo, na mchezo hubaki wa bure, lakini mnadani simu hiyo hupimwa kwa wastani wa wenziwe, kwa ile senti moja badala ya nne.