Kumlaza Mtoto Kifudifudi

Mwanangu wa kwanza, mwaka 1988, nilimlaza kifudifudi. Mama mkwe alisema akilala chali atapaliwa na maziwa, na muuguzi akamuunga mkono. Mtoto alikua salama. Lakini wako watoto ambao usiku wamenyonya vizuri, na asubuhi wakakutwa wamekufa, bila homa wala jeraha. Lawama humwangukia mama.

Chini ya ubongo, panapoanzia uti wa mgongo, pana shina la ubongo. Hilo ndilo linaloendesha pumzi yetu tukiwa tumelala fofofo. Mtoto aliyelalia uso huvuta tena hewa ileile aliyoitoa, na kabonidayoksaidi ikazidi katika damu yake. Ndani ya shina hilo zimo chembe za neva zinazoitambua hatari hiyo. Hutoa kemikali iitwayo serotonini, ambayo huhimiza pumzi na kumzindua mtoto ageuze kichwa na kulia. (Wengi tumeizoea serotonini katika habari za huzuni na furaha, kumbe sehemu yake kubwa imo matumboni!)

Kule Boston, Marekani, Daktari Hannah Kinney na wenzake walichunguza mashina ya ubongo ya watoto waliokufa ghafla namna hiyo. Mwaka 2010 walieleza kwamba serotonini ilikuwa pungufu kwa asilimia 26, ikilinganishwa na watoto waliokufa kwa sababu zinazojulikana. Yaani hewa ilipochafuka, aliyepaswa kupiga kelele hakuwa na sauti ya kutosha. Wala mama asingeweza kuliona hilo kwa macho.

Tunachoweza kukibadili ni mlalo. Marekani ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1994, na katika miaka iliyofuata vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu.

Na kupaliwa je? Mtoto akiwa chali, mrija wa hewa huwa juu ya mrija wa chakula. Maziwa yakirudi, ni lazima yapande ndipo yaingie mapafuni. Akiwa kifudifudi, mrija wa hewa ndio ulio chini. Mama mkwe wangu alikuwa ameigeuza hesabu hiyo, nami sikuuliza.

Basi alazwe chali, mchana na usiku, juu ya godoro gumu lisilo na mto, na anayevuta sigara atoke nje ya nyumba.