Vitabu vya kusoma: mwili unaojitambua na historia ambayo haikutokea

Mwezi Juni mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipokuwa yakiukaribia mji wa Paris, mwanafizikia wa Kiyahudi Moshe Feldenkrais aliihama Ufaransa na kukimbilia Uingereza, ambako alishiriki utafiti wa jeshi la majini kuhusu kutambua nyambizi. Goti lake, lililoumia zamani katika kandanda, lilizidi kumsumbua, naye akaanza kuchunguza jinsi anavyotembea.

Matunda ya uchunguzi huo yamo katika Awareness Through Movement, kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1972 kikiwa na mafunzo 12 ya vitendo. Msomaji hujilaza sakafuni, akasogeza kichwa au nyonga polepole, kwa nguvu kidogo kabisa, na kuufuatilia mwili unavyoitikia. Feldenkrais anashikilia kwamba tulichokizoea hatukioni tena, na tusichokiona hatuwezi kukibadilisha. Ni vyema mtu mwingine akusomee mafunzo hayo, maana kulala chali huku umeshika kitabu ni taabu.

Je, ingekuwaje iwapo wale aliowakimbia wangeshinda vita? Swali hilo ndilo msingi wa The Man in the High Castle, riwaya ya Mmarekani Philip K. Dick ya mwaka 1962. Humo Japani inatawala pwani ya magharibi ya Marekani na Ujerumani upande wa mashariki. Msomaji wa Kiafrika atashtushwa zaidi na jambo linalotajwa kwa kupita tu: Wanazi wameangamiza watu wa bara la Afrika, na maisha ya wahusika yanaendelea, biashara ya vitu vya kale ikiwemo.

Mazoea ya namna hiyo ndiyo anayoyachambua Philip Roth katika The Plot Against America, ya mwaka 2004. Rubani mashuhuri Charles Lindbergh anamshinda Roosevelt katika uchaguzi wa 1940, na mtoto wa Kiyahudi mjini Newark anasimulia jinsi familia yake inavyobanwa hatua kwa hatua. Anayeanza aina hii ya riwaya aanze na Roth. Dick humyumbisha msomaji kwa makusudi.

Vijana wanaweza kutafuta Noughts & Crosses ya Malorie Blackman, ya mwaka 2001, ambamo weusi ndio watawala na weupe ndio wanaobaguliwa.