Nirvana Walipoketi Kitako

Tarehe 18 Novemba mwaka 1993, bendi ya Kimarekani iitwayo Nirvana, ambayo kwa muda wa miaka miwili ilikuwa imewatikisa vijana wa nchi nyingi kwa kishindo cha magitaa ya umeme na kwa dramu zilizopigwa kama kwamba mpigaji anapasua kuni, iliketi kitako juu ya viti katika studio za Sony mjini New York, mbele ya hadhira ndogo, ikapiga nyimbo 14 kwa gitaa kavu, mmoja baada ya mwingine, bila ya kuurudia hata mmoja. Yaliyonaswa usiku ule yalitoka mwaka uliofuata kuwa albamu yenye jina la MTV Unplugged in New York. Nami naihesabu albamu hiyo kuwa hoja madhubuti kupita zote kwa mtu yeyote anayetaka kujua ni kitu gani kilichomo ndani ya muziki wa roki baada ya kuondolewa makelele yake.

Msomaji asiyekuwa na mazoea na muziki huu yafaa aelezwe kwamba roki mbadala ni jina walilopewa wanamuziki waliokulia nje ya malango ya kampuni kubwa za santuri, wakirekodi kwa watu wenye mitaji midogo, wakipigwa katika redio za vyuo vikuu, na wakizunguka miji kwa gari moja lililojaa ala na nguo chafu. Nirvana walitoka katika hali hiyo hasa. Mwimbaji Kurt Cobain na mpiga besi Krist Novoselic walikutana Aberdeen, mji wa wakata mbao katika jimbo la Washington, na albamu yao ya kwanza, Bleach, iliyotoka mwaka 1989, iligharimu dola 606 na senti kidogo kuirekodi. Mwaka 1990 akaungana nao mpiga dramu Dave Grohl. Mwezi wa Septemba 1991 ikatoka Nevermind. Na ilipofika Januari 1992 albamu hiyo, ambayo hata kampuni iliyoitoa haikuitarajia makuu, ikamwondoa Michael Jackson katika nafasi ya kwanza ya orodha ya mauzo ya Marekani.

Ama kipindi chenyewe cha kituo cha televisheni cha MTV kilichowaketisha, kiitwacho Unplugged, kilikuwa kimeanza mwaka 1989, na kanuni yake ilikuwa nyepesi: mwanamuziki aliyezoea umeme aje na ala kavu, apige nyimbo zake zile zile zinazojulikana, katika vazi la upole. Eric Clapton alikwenda mwaka 1992, na albamu iliyotokana na ziara hiyo ikauzwa kwa mamilioni. Hapo ndipo kampuni zilipotambua kwamba wimbo uliokwisha kumletea mtu faida mara moja waweza kuleta faida mara ya pili, ukiwa umepunguzwa sauti tu, na tangu hapo aghalabu ya waliofuata walikuja kufanya biashara hiyo. Nirvana walikataa. Wimbo wao uliovuma kuliko wote, Smells Like Teen Spirit, hawakuupiga kabisa. Katika nyimbo zao mashuhuri waliuchukua mmoja tu, Come as You Are, wakaupitisha mapema. Na pale ambapo wenye kituo walitumaini kuona wageni wenye majina makubwa wakipanda jukwaani, Cobain aliwaleta ndugu wawili, Curt na Cris Kirkwood, wa bendi ya Meat Puppets kutoka Arizona, watu ambao watazamaji wengi hawakupata kuwasikia aushi yao.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi kama inavyosikika. Gitaa la umeme lina ukarimu kwa mpigaji wake: sauti ikipita katika amplifaya huendelea kuvuma baada ya kidole kwisha kuondoka, na mikwaruzo inayotiwa kwa makusudi hufunika makosa madogo, hata nyuzi mbili tatu zikajaza ukumbi mzima. Gitaa kavu halina ukarimu huo. Mlio wake hufa upesi, kila kidole kilichokosea mahali pake husikika, na mwimbaji aliyezoea kupiga ukelele juu ya wimbi la sauti hujikuta amesimama peke yake. Zaidi ya hayo palikuwa na shida ya Grohl, ambaye ni katika wapigaji wenye mkono mzito kuliko wote wa zama zake, na ambaye katika mazoezi aliwatia wasiwasi wote waliokuwapo. Alex Coletti, mtayarishaji wa kipindi, ndiye aliyemletea brashi za nyaya na vijiti vyepesi, Grohl akavipokea; na mwenye kusikiliza albamu hii kwa makini atamsikia mtu mwenye nguvu akijizuia kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, akiigusa ngozi ya dramu pale ambapo siku zote angeipiga. Kwangu mimi hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa katika kazi hii, na watu hulitaja mara chache.

Nafasi iliyoachwa wazi na umeme ilijazwa na vitu viwili vitatu visivyotarajiwa. Pat Smear alikaa na gitaa la pili. Lori Goldston alipiga selo, ile fidla kubwa inayokaa baina ya magoti, na uta wake ulivuta mlio mrefu ambao magitaa makavu hayauwezi. Novoselic aliweka besi chini kwa wimbo mmoja akachukua kodiani, ala ambayo msikilizaji wa taarabu ataitambua mara moja. Mmoja katika nyimbo zilizopigwa, Something in the Way, ulikuwa umeonyesha njia tangu siku za Nevermind: Cobain aliurekodi akiwa amelala juu ya kochi katika chumba cha mafundi, akiimba kwa sauti ya chini kama mgonjwa, ilhali Butch Vig aliyesimamia kazi alizima kila kitu chenye kunguruma chumbani ili minong'ono ile inaswe. Kwa hiyo upole huu ulikuwamo ndani ya bendi zamani, umefunikwa tu na sauti za nyimbo jirani.

Kuna siri moja ya kiufundi inayostahili kuelezwa. Gitaa alilolipakata Cobain usiku ule, Martin D-18E la mwaka 1959, ambalo lilitengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia na likafungwa nyuzi upya kwa mkono wake wa kushoto, halikuwa kavu kabisa: lilikuwa na vinasa sauti, na waya wake ulikwenda hadi kwenye amplifaya yake mwenyewe, kwa kuwa hakuwa tayari kuiacha. Coletti alitengeneza sanduku la mbao la kuificha, ili mtazamaji adhani ni spika ya kawaida ya jukwaani. Katika wimbo wa David Bowie, The Man Who Sold the World, siri hiyo inajifichua yenyewe, maana gitaa linalopiga mahadhi yale mashuhuri lina mikwaruzo dhahiri shahiri ambayo mbao tupu hazitoi. Wako waliosema kuwa huo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo. Kilichotakiwa usiku ule ni ukweli wa nyimbo, si usafi wa vifaa, na Cobain alijua ni wapi tone moja la umeme lilihitajiwa.

Lakini jambo linaloipa albamu hii hadhi ya peke yake ni hesabu ya nyimbo zenyewe: katika zile 14, sita hazikuwa zao. Mtu aliyekuwa na fursa ya kujitangaza mbele ya taifa zima alitumia karibu nusu ya muda wake kuwataja walimu wake, kama mwanachuoni anavyotaja isnadi yake kabla ya kusema neno lake mwenyewe. Mmoja ulikuwa wa Vaselines, bendi ndogo ya Uskoti ambayo isingalijulikana na wengi lau si mapenzi ya Cobain. Mmoja ulikuwa wa Bowie, wa mwaka 1970. Tatu zilikuwa za Meat Puppets, kutoka katika albamu yao ya mwaka 1984, na katika hizo tatu Cobain aliliweka gitaa chini akaimba tu, akiwaachia ndugu wa Kirkwood ala, sauti yake ikipanda mahali ambapo haikuzoea kufika na kukatika kidogo pale juu. Na kukatika huko hakukufichwa.

Wa sita, ambao ndio uliofunga usiku, ulitoka mbali zaidi. Where Did You Sleep Last Night ni wimbo wa kale wa milima ya kusini mwa Marekani, usio na mtunzi anayejulikana, uliopita vinywani mwa watu weusi na weupe kwa vizazi kadhaa, na Cobain aliupokea kwa Huddie Ledbetter, aitwaye Lead Belly, mwana wa Louisiana ambaye John Lomax na mwanawe Alan walimkuta katika gereza liitwalo Angola, huko huko Louisiana, mwaka 1933 walipokuwa wakirekodi nyimbo kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Lead Belly alipiga gitaa la nyuzi 12, alitoka gerezani, akaimba hadi akafa mwaka 1949, naye alifia New York, mji ule ule ambamo Cobain alimtaja mbele ya hadhira kuwa ndiye mwimbaji ampendaye kupita wote. Wimbo ni swali la mtu mwenye wivu kwa mwanamke aliyelala msituni. Cobain anauanza kwa sauti ya mazungumzo, beti zinapita, selo inanyemelea chini yake. Kisha katika ubeti wa mwisho anapanda sauti nzima, ile sauti ya kupasuka aliyoitumia siku zote juu ya umeme, na mara inafahamika kwamba kishindo cha Nirvana hakikuwa kikitoka katika amplifaya. Kabla ya maneno ya mwisho kabisa anasita, anavuta pumzi inayosikika, anafumbua macho, ndipo anamaliza. Waandaaji walimwomba apige wimbo mmoja zaidi, akakataa, kwa kuwa hakuona atakachoweza kukiweka juu ya ule.

Cobain alijiua tarehe 5 Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 27, na tangu siku hiyo watu wameutazama usiku ule kama matanga aliyojiandalia mwenyewe. Dalili wanazotaja ni za kweli: ni yeye aliyeagiza jukwaa lipambwe kwa maua ya nyinyoro, mishumaa myeusi na thurea ya vioo, na Coletti aliposikia akauliza kama anataka lifanane na maziko, naye akaitikia. Walakini naomba nitofautiane na wanaoishia hapo, kwa sababu anayeisikiliza albamu kwa kutafuta alama za mauti hamsikii tena Grohl akijizuia, wala Goldston, wala ndugu wa Kirkwood. Hausikii wimbo wa Pennyroyal Tea, ambao Cobain aliupiga peke yake wakati wenzake wametulia, akiufikia mwisho kwa taabu na kwa ushujaa. Hiyo ilikuwa kazi ya watu waliokuwa hai, waliofanya mazoezi, waliogombana na kucheka baina ya nyimbo, kama kanda zinavyoshuhudia.

Baada ya msiba ilikusudiwa kutolewa albamu mbili kwa pamoja, moja ya umeme na moja ya gitaa kavu, lakini Novoselic na Grohl walipoanza kuzipitia kanda za umeme majonzi yaliwazidi, wakaliacha jambo hilo. Ikatoka hii peke yake, tarehe 1 Novemba 1994, ikaingia moja kwa moja katika nafasi ya kwanza Marekani, na mwaka 1996 ikapata tuzo ya Grammy ya muziki mbadala. Ilitoka pamoja na nyimbo mbili ambazo televisheni ilikuwa imezikata katika matangazo ya Desemba 1993, na mmoja wa hizo ni wa Meat Puppets. Gitaa lile la Martin liliuzwa mnadani mwaka 2020 kwa zaidi ya dola milioni 6. Ama ndugu wa Kirkwood, albamu waliyoitoa mapema mwaka 1994 ilipata wanunuzi wengi kuliko walivyozoea na kuwatia dhahabu mkononi kwa mara ya kwanza, na santuri yao ya mwaka 1984 ikaanza kuombwa madukani na watoto waliokuwa hawajajua kusoma ilipotoka.