Jean-Joseph Pasteur

Jean-Joseph Pasteur (Besançon, 16 Machi 1791 – Arbois, Juni 1865) alikuwa mtengenezaji wa ngozi katika miji midogo ya mkoa wa Jura, mashariki mwa Ufaransa. Kabla ya hapo alikuwa askari katika jeshi la Napoleon. Anajulikana hasa kama baba wa Louis Pasteur, mwanasayansi aliyechunguza vijidudu na kutengeneza chanjo ya kichaa cha mbwa. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, lakini kazi ya ngozi ndiyo iliyolipia masomo ya mwanawe, na yeye mwenyewe aliendelea kujisomea hadi utu uzima.

Asili ya familia

Mababu wa Pasteur walikuwa wakulima waliofungwa na ardhi ya kabaila: hawakuwa watumwa wa kuuzwa sokoni, lakini hawakuwa huru kuondoka wala kurithisha mali wapendavyo. Babu yake, Claude-Étienne Pasteur, aliununua uhuru wake mwaka 1763 kwa kumlipa bwana wake sarafu nne za dhahabu. Kisha alifanya kazi ya kutengeneza ngozi katika mji wa Salins. Tangu hapo kazi hiyo ikawa ya ukoo.

Baba yake Jean-Joseph, Jean-Henri, aliifanya kazi hiyohiyo huko Besançon. Mama alifariki akiwa kijana sana, na baba naye hakuishi miaka mingi. Mtoto alilelewa Salins na bibi yake, baadaye na shangazi zake. Alifundishwa kusoma na kuandika kwa kiasi tu, kisha akaingia katika kazi ya ngozi.

Jeshini

Mwaka 1811 aliitwa jeshini kwa lazima akawekwa katika kikosi cha tatu cha askari wa miguu. Alipigana nchini Hispania miaka ya 1812 na 1813, ambako Wafaransa walishambuliwa mara kwa mara na wapiganaji wa msituni. Mwaka 1814 alipigana katika ardhi ya Ufaransa yenyewe dhidi ya majeshi yaliyokuja kumpindua Napoleon. Alifikia cheo cha sajini-meja, na mwaka huohuo akapewa nishani ya Légion d'honneur.

Napoleon alipojiuzulu, Jean-Joseph alirudi Salins na kushika tena kisu cha kukwangulia ngozi. Aliendelea kumheshimu Napoleon maisha yake yote. Siku za Jumapili alivaa koti lake refu lenye utepe wa nishani na kutembea peke yake barabarani nje ya mji.

Ndoa na watoto

Mwaka 1816 alimwoa Jeanne-Étiennette Roqui, binti wa familia ya watunza bustani iliyoishi ng'ambo ya mto, akahamia naye mji wa Dole. Mtoto wao wa kwanza alifariki akiwa mchanga. Waliofuata ni:

- Jeanne-Antoine, aliyeitwa Virginie (1818)
- Louis (27 Desemba 1822)
- Joséphine (1825)
- Émilie (1826)

Nyumba yao ya Dole ilikuwa katika mtaa wa watengenezaji wa ngozi. Louis akiwa bado mdogo, familia ilihamia kijiji cha Marnoz, kisha mji wa Arbois, kando ya mto Cuisance. Huko Jean-Joseph aliendesha karakana yake hadi uzeeni.

Kazi ya ngozi

Karakana ya namna hii ilikuwa ndani ya makazi: familia iliishi hapohapo, na mashimo ya ngozi yalikuwa hatua chache tu kutoka jikoni. Mto ulihitajika sana, kwa sababu kila hatua ilitumia maji mengi.

Ngozi mbichi zilioshwa ili kuondoa damu na chumvi. Kisha zilitiwa katika maji ya chokaa mpaka nywele zikalegea. Fundi alizilaza juu ya gogo la mviringo na kuzikwangua pande zote mbili kwa kisu chenye mipini miwili, nywele upande mmoja, mabaki ya nyama upande mwingine. Baada ya kusafishwa chokaa, zilipangwa shimoni kwa tabaka: ngozi, magome ya mwaloni yaliyosagwa, ngozi, magome tena. Maji yalipomiminwa, tanini iliyomo katika magome iliingia polepole katika ngozi na kuizuia isioze.

Ngozi nene ziliweza kukaa shimoni mwaka mzima au zaidi. Kwa hiyo fundi alinunua ngozi na magome leo, akapata fedha yake mwakani. Kazi ilikuwa nzito, ya baridi na yenye uvundo, na haikumtajirisha fundi mdogo.

Elimu ya mwanawe

Jean-Joseph alitamani Louis awe mwalimu katika shule ya sekondari ya Arbois. Hakuona cheo kikubwa kuliko hicho kwa mtoto wa fundi. Mkuu wa shule hiyo, Romanet, aliona kijana anaweza kufika mbali zaidi, hadi École Normale Supérieure ya Paris, chuo kilichoandaa walimu bora wa nchi.

Mwaka 1838 Louis alipelekwa Paris akiwa na umri wa miaka 15. Alishikwa na upweke mkubwa, akawa anatamani hata harufu ya ngozi za nyumbani. Baada ya majuma machache baba alisafiri hadi Paris akamrudisha Arbois. Louis aliendelea na masomo Besançon, na mwaka 1843 akaingia chuo kile kwa kufaulu vizuri.

Masomo hayakuwa ya mtoto peke yake. Louis alimtumia baba yake mafunzo ya hesabu na sarufi, kwa kisingizio kwamba yangemsaidia kumfundisha Joséphine. Baada ya kazi ya mchana, mzee huyu wa zaidi ya miaka 50 alikaa usiku akifanya mazoezi hayo na kuyatuma Paris yasahihishwe.

Mabinti na mzigo wa nyumba

Mabinti hawakupata nafasi kama ya kaka yao. Émilie aliugua homa kali utotoni na afya yake haikurudi tena. Mama yao alifariki ghafla Mei 1848, na mabinti ndio waliotunza nyumba ya baba.

Mwaka uliofuata Louis alipoandika barua ya kumposa Marie Laurent, alimweleza baba wa binti kwamba mzazi wake ni mtengenezaji wa ngozi, kwamba mali yote ya familia haizidi faranga 50,000, na kwamba yeye ameamua kuwaachia dada zake sehemu yake yote. Joséphine alifariki mwaka 1850 na Émilie mwaka 1853. Karakana iliendelea mikononi mwa mume wa Virginie, Gustave Vichot.

Miaka ya mwisho

Wajukuu walikuja Arbois wakati wa likizo. Mwaka 1859 Jeanne, binti mkubwa wa Louis, alifariki hapo kwa homa ya matumbo akiwa na miaka tisa.

Juni 1865 Louis alikuwa kusini mwa Ufaransa akichunguza ugonjwa wa viwavi vya hariri alipopata habari kwamba baba yake ni mgonjwa sana. Alisafiri mara moja, lakini hakumkuta hai.

Kumbukumbu

Louis alichora kwa chaki za rangi picha za wazazi wake akiwa bado kijana: ya mama mwaka 1836 na ya baba mwaka 1842. Kitabu chake kuhusu bia, kilichotolewa mwaka 1876, alikitabaruku kwa kumbukumbu ya baba yake. Tarehe 14 Julai 1883 kibao cha kumbukumbu kiliwekwa kwenye nyumba aliyozaliwa mjini Dole. Katika hotuba yake alitumia muda kuwashukuru wazazi wake waliokwisha kufariki. Kwa baba alitaja subira katika kazi ndefu na hamu ya kujifunza daima.

Nyumba za Dole na Arbois ni makumbusho leo.