Dawa Jukwaani: Kutoka Makbeth hadi Kinjeketile

Katika tanzia, yaani mchezo wa kuigiza ambao mhusika mkuu huishia katika maangamizi, dawa hutajwa mara nyingi lakini ni nadra kuponya. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth (1968), tabibu anakiri kwamba mke wa mfalme, anayetembea usingizini akijaribu kufuta damu isiyoonekana mikononi, hana ugonjwa anaouweza yeye. Mfalme naye, kwa kejeli, anauliza kama ipo dawa ya kuharisha, mfano wa sanamaki, itakayowasafisha Waingereza nchini mwake.

Ebrahim Hussein, katika Kinjeketile (1969), alikwenda mbali zaidi, kwa kuwa kwake dawa ndiyo kiini cha tanzia yenyewe. Mganga ambaye mchezo huo unamhusu, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani Agosti 1905, aligawa maji yaliyosemekana kuchanganywa na mafuta ya nyonyo na mtama, yakiaminiwa kugeuza risasi kuwa maji. Kwa msomaji wa Omurushaka, katika nchi ya Karagwe ambako embandwa, yaani watu wanaopandwa na mizimu, waliendewa kwa maradhi, haishangazi kwamba mganga huyo anazungumza kwa sauti ya pepo Hongo. Linaloshangaza, na hapa ndipo ufundi wa Hussein ulipo, ni kwamba mganga anaitilia shaka dawa yake mapema kuliko wagonjwa, na bado, akiwa kifungoni, anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo.