Makabati ya Jikoni: Agizo Linavyoharibika Kabla Ubao Haujakatwa

Jiko la kisasa lenye makabati ya kufungwa ukutani, kaunta na sinki, vyote vikitengenezwa kwa vipimo vya chumba kimoja tu, ni bidhaa ambayo mteja huilipia kabla haijakuwepo. Anayenunua jokofu huliona, hulichomeka kwenye umeme dukani na kusikia linavyonguruma. Anayeagiza makabati hupewa mchoro kwenye simu, kipande cha ubao kinachotosha kiganja, na maneno ya muuzaji. Kati ya malipo ya kwanza na siku mlango wa mwisho unapotiwa bawaba hupita wiki kadhaa, mara nyingine miezi, na humo ndimo migogoro mingi huzaliwa. Fundi anaweza kuwa hodari wa msumeno na randa, lakini kazi ikaharibika kwa sababu agizo lilipimwa vibaya, liliandikwa nusunusu, au halikuwa na mtu wa kulifuatilia.

Makabati ya namna hii hayakuanza kama kazi ya kumshonea kila mteja wake. Mfano uliosambaa kwa wingi ulibuniwa mwaka 1926 na msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu zilizojengwa mjini Frankfurt, Ujerumani, chini ya usimamizi wa msanifu majengo Ernst May. Jiko la Frankfurt lilikuwa na upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, na majiko yapatayo 10,000 yalifungwa. Chumba na kabati vilipangwa pamoja, kwa kipimo kimoja, kwa hiyo kilichotoka kiwandani kilikaa mahali pake bila majadiliano. Nyumba ya Kibaha, Tanzania, au ya Kitengela, Kenya, iliyojengwa kidogokidogo, fedha zikipatikana, haiko hivyo. Dirisha lilisogezwa katikati ya ujenzi, ukuta mmoja umepinda kidogo, bomba la maji limetokea pale fundi alipoona panafaa. Kila jiko ni la peke yake, na kwa sababu hiyo mazungumzo kati ya mteja na karakana ni sehemu ya kazi yenyewe, kama vilivyo ubao na gundi.

Kosa la huduma linalogharimu kuliko mengine yote ni kupima mapema mno. Karakana inayotaka kupokea malipo ya awali haraka hutuma mtu apime ukuta ungali matofali matupu. Plasta huongeza takriban sentimita 1.5 kwa kila ukuta, na kigae pamoja na gundi yake huongeza zaidi ya sentimita moja. Kwa kuta mbili zinazotazamana, chumba kinaweza kupungua kwa sentimita 5 au zaidi. Kabati lililokatwa lijae ukuta hadi ukuta haliingii tena. Wafungaji hulazimika kulipunguza papo hapo kwa msumeno wa mkono, utepe wa kingo uliobandikwa kwa mashine hutoka, na ubao hubaki wazi kwa unyevu. Sakafu nayo hupanda inapowekwa saruji ya kusawazisha na vigae, hivyo soketi iliyopangwa iwe juu ya kaunta hujikuta imefunikwa na ubao wa nyuma.

Mpimaji anayeijua kazi yake hurudi baada ya vigae kukauka, hata kama alishapima mwanzoni ili kutoa bei. Hupima upana mahali patatu: karibu na sakafu, kwenye usawa wa kaunta, na kwenye usawa wa makabati ya juu, kisha huchukua kipimo kidogo kuliko vyote. Hupima kona hadi kona kwa mshazari ili ajue kama pembe za chumba ni mraba kweli. Huandika mahali pa bomba la maji safi na la maji machafu, soketi, kimo cha dirisha, na upande mlango unakofungukia. Kisha huuliza. Jiko la kupikia lina upana wa sentimita 50, 60 au 90? Jokofu ni lipi, na mlango wake unafungukia wapi? Mtungi wa gesi, ambao kwa nyumba nyingi za Kenya ni wa kilo 13 na kwa Tanzania ni wa kilo 15, utakaa kabatini au nje ya nyumba na bomba kupitishwa ukutani? Mpishi mkuu wa nyumba ana kimo gani? Kaunta nyingi hutengenezwa kwa kimo cha kati ya sentimita 85 na 90 na kina cha sentimita 60, lakini mtu mrefu anayekata mboga kwenye kaunta ya sentimita 85 kila siku atalipa kwa mgongo wake. Maswali haya ndiyo huduma. Muuzaji asiyeyauliza, hata akiwa na kiyoyozi na kahawa ya kukaribishia wageni, hajamhudumia mteja.

Sababu ya pili ya migogoro ni wingi wa mikono. Anayepokea fedha mara nyingi siye anayepima, anayepima siye anayekata, na anayekata siye anayefunga. Kaunta ya granaiti hutoka kwa muuza mawe, ambaye kwa kawaida hupima baada ya makabati ya chini kufungwa na kusawazishwa, kwa kuwa jiwe halikunjwi wala halisukumwi likaingia kwa nguvu. Muuza mawe hawezi kutoboa tundu la sinki kabla hajaliona sinki. Fundi bomba hawezi kuunganisha maji kabla jiwe halijakaa. Mteja akipiga simu karakana huambiwa jiwe bado. Akimtafuta wa jiwe huambiwa sinki halijafika. Na aliyemuuzia kazi yote amehamia kwa mteja mwingine. Hakuna hata mmoja anayedanganya, na bado kazi imesimama. Tiba yake inajulikana: mkataba umtaje mtu mmoja, kwa jina na nambari ya simu, mwenye wajibu wa kupanga hatua zote na kujibu maswali yote hadi mwisho. Karakana ndogo ya Keko, Dar es Salaam, au ya kando ya Ngong Road, Nairobi, mara nyingine hulifanya hili vizuri kuliko kampuni yenye ukumbi mkubwa wa maonyesho, kwa kuwa mwenye karakana ndiye huyo huyo aliyepima na atakayesimamia ufungaji.

Makadirio ya bei nayo huficha mengi. Karatasi iliyoandikwa “makabati ya MDF, mita 5” haimwambii mteja chochote atakachoweza kudai baadaye. Maboksi ya makabati yanaweza kuwa ya ubao mmoja na milango ya ubao mwingine. Unene wa milimita 18 na wa milimita 16 hautofautiani kwa macho ya mgeni, lakini rafu ndefu iliyojaa sufuria huujua upesi. Ubao wa nyuma unaweza kuwa mwembamba wa milimita 3 tu. MDF ya kawaida, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, hufyonza maji kwenye kingo, huvimba, na ikishavimba hairudi hali yake, kwa hiyo chini ya sinki panahitajika ubao unaostahimili unyevu, ambao mara nyingi huwa na rangi ya kijani ndani ili utambulike. Bawaba zinazojifunga taratibu na reli za droo zenye gololi hugharimu zaidi ya zile za kawaida. Mambo haya yote yaandikwe: aina na unene wa ubao kwa kila sehemu, utepe wa kingo, bawaba, reli, aina ya kaunta na unene wake, na kama bei inajumuisha usafirishaji, ufungaji, sinki, bomba na kodi. Kipande cha sampuli kisainiwe na pande zote mbili na kibaki kwa mteja. Karakana yenye nia njema haipati hasara kwa kuandika hivyo, na inapata kinga dhidi ya mteja anayebadili mawazo katikati ya kazi. Wateja wa namna hiyo wapo, na mabadiliko yao hula siku nyingi. Kila badiliko liandikwe pamoja na gharama yake na siku linazoongeza.

Kuhusu fedha, desturi ya karakana nyingi ni kuomba nusu ya bei au zaidi kabla ya kuanza. Sababu yake ni ya kweli: mbao, bawaba na utepe hununuliwa kwa fedha taslimu, na karakana ndogo haina mtaji wa kumkopesha mteja. Tatizo huanza pale malipo ya awali ya mteja mpya yanapotumika kumalizia kazi ya mteja wa zamani. Karakana iliyofika hapo hulazimika kutafuta maagizo mapya ili kutimiza ya nyuma, na kila anayelipa leo husubiri atokee wa kulipa kesho. Kuchelewa kwingi kunakoelezwa kwa kukatika kwa umeme, ugonjwa wa fundi au mzigo uliokwama bandarini kuna chanzo hiki. Kinga ya mteja ni kufunga malipo kwenye hatua zinazoonekana kwa macho. Mgawanyo unaofaa ni asilimia 40 mchoro unaposainiwa, 30 mbao zikishakatwa na mteja kuziona karakanani, 20 makabati yakishafungwa, na 10 baada ya kasoro zote kurekebishwa. Hiyo asilimia 10 ya mwisho ina nguvu kuliko simu 100. Risiti halali idaiwe kwa kila malipo. Mteja anayekubali punguzo ili asipewe risiti huwa ameuza ushahidi wake mwenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Bado hata karakana nzuri huchelewa. Kinachotenganisha huduma nzuri na mbovu hapo ni taarifa. Mteja aliyehamia nyumba isiyo na jiko hupikia barazani, huosha vyombo bafuni, na hupanga siku zake kwa ahadi aliyopewa. Akiambiwa mapema kwamba kazi imesogea kwa siku kumi, na kwa sababu gani, hujipanga upya. Akiambiwa “kesho” kwa siku hizo kumi mfululizo, au simu yake isipopokelewa, hupoteza imani hata na kazi iliyofanywa vizuri. Karakana nyingi huona kunyamaza ni njia ya kuepuka ugomvi, kumbe kimya ndicho kinachougeuza usumbufu kuwa ugomvi. Ujumbe mfupi mara moja kwa wiki, wenye picha ya hatua iliyofikiwa, haugharimu chochote, na kutoutuma ni kumdharau mtu ambaye fedha zake tayari zimepokelewa.

Makabati yakishafungwa, mteja ana haki ya kuyakagua kabla ya kusaini kwamba kazi imekwisha. Milango ifunguliwe yote na kuangaliwa kama nafasi kati yake ni sawa. Droo zivutwe zikiwa na uzito ndani. Kipimamaji kiwekwe juu ya kaunta. Sinki lijazwe hadi juu, liachiwe maji yote kwa pamoja, na viungo vya bomba chini yake vipanguswe kwa karatasi kavu, kwani tone dogo linaloachwa hapo litaharibu sakafu ya kabati kabla ya mwaka kwisha. Silikoni kati ya kaunta na ukuta iwe imejaa bila pengo. Kasoro zinazoonekana ziandikwe pamoja na tarehe ya kuzirekebisha. Dhamana nayo iwe ya maandishi, ikitaja muda wake na inachokihusu, kwa sababu “tupo tu, ukipata shida utupigie” si dhamana.

Pale mazungumzo yanaposhindwa, sheria ina nafasi yake. Nchini Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa taarifa anazohitaji, na kufidiwa kwa hasara. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamzuia mtoa huduma kudai zaidi ya asilimia 10 juu ya makadirio yaliyomo katika makubaliano, isipokuwa mteja mwenyewe amekubali kazi au bei mpya. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya, kiasi kinachotosha majiko mengi. Sheria inataka shauri limalizike ndani ya siku 60, na mdai anaweza kujisimamia bila wakili. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Madai ya fedha yatokanayo na mkataba yanaweza pia kupelekwa mahakamani. Kabla ya hatua yoyote kati ya hizo, mteja aiandikie karakana barua inayoeleza kasoro, anachotaka kifanyike na siku ya mwisho ya kujibu, na abaki na nakala. Mchoro uliosainiwa, makadirio yenye maelezo kamili, risiti, picha zenye tarehe na ujumbe wa simu usiofutwa ndivyo vitakavyoangaliwa kwanza, na asiyekuwa navyo atakuwa na kazi ngumu ya kuthibitisha dai lake, hata kama amedhulumiwa kweli.